Grafu Maridadi, Jibu la Uongo

Nimepotea kidogo, na leo nina jambo la kutapika.

Kwa wiki mbili nimekuwa nikiandika programu ya kuiga safari ya mwanga ndani ya faiba, nyuzi za kioo kama zile za kebo za SEACOM na TEAMS zilizofika Mombasa mwaka 2009. Nikapata grafu maridadi kweli. Zote zilikuwa za uongo.

Wengi hudhani mwanga hupita kwenye kioo kama maji kwenye bomba. Sivyo. Mwanga ukiwa mkali hubadilisha kidogo tabia ya kioo chenyewe, athari iliyopewa jina la John Kerr aliyechunguza kioo kwenye umeme mwaka 1875. Kiini cha faiba kina upana wa kama mikromita 9 tu, kwa hivyo hata nguvu ndogo hubanwa mahali padogo. Ongeza maelfu ya kilomita na kitu kidogo kinakuwa kikubwa. Wakati huohuo rangi tofauti husafiri kwa kasi tofauti, na mpigo wa mwanga unatanuka.

Mlinganyo unaounganisha mambo haya mawili hautatuliki kwa kalamu ila katika hali chache. Basi tunadanganya kidogo: tunakata faiba vipande vifupi, na katika kila kipande tunahesabu mtanuko peke yake, kisha athari ya Kerr peke yake. Hardin na Tappert walieleza mbinu hii mwaka 1973. Kwa Python haifiki hata mistari 40.

Mtego uko hapa. Nilipima nishati: iliyoingia na iliyotoka zililingana hadi tarakimu ya kumi. Nikashangilia! Lakini faiba ikichukuliwa kuwa haipotezi mwanga, hatua zote mbili huzungusha tu wimbi bila kuligusa kwa ukubwa wake wote. Nishati italingana hata ukikata vipande vya kilomita 100. Huo ni mtihani usioweza kufelisha mtu.

Kilichonishtua ni vilele viwili kando ya rangi ya katikati. Nilikuwa tayari nimeviandikia maelezo ya fizikia, tena marefu. Nilipofupisha vipande, vilele vikahama. Kitu halisi hakihami kwa sababu mimi nimebadilisha namba kwenye programu.

Ndiyo maana siku hizi siamini grafu yoyote ya aina hii isiyotaja urefu wa kipande, hata ikiwa na rangi za kupendeza vipi. Anayepanga nguvu ya leza akitegemea hesabu kama zangu anaweza kuiongeza akidhani ishara itakuwa safi, kumbe Kerr anazidi kuichafua.

Mtihani wa haki ni solitoni: mpigo wenye umbo na nguvu maalumu ambao mlinganyo unasema hautabadilika umbo. Hasegawa na Tappert waliutabiri kwa faiba mwaka 1973, na mwaka 1980 ukaonekana maabara. Uingize kwenye programu yako. Ukitoka umeharibika, kosa ni lako. Kisha punguza kipande kwa nusu. Kwa mbinu iliyopangwa kwa ulinganifu, kosa lishuke karibu mara nne.

Langu lilishuka mara mbili tu, kwa hivyo bado kuna mdudu mahali. Nafikiri ni pale ninapoanza kipande cha kwanza.