Na Yule Mwalimu Je?

Ijumaa iliyopita, baada ya Njia ya Msalaba, nilipanga foleni ya maungamo parokiani kwetu. Kwaresima inaishia, na tuliokumbuka dakika za mwisho tulikuwa wengi. Nikapata muda wa kutosha kufuata yale tuliyofundishwa kwenye mafundisho ya komunyo ya kwanza: kutafuta dhambi moyoni, kujuta, kukusudia kuacha, kuungama, kutimiza malipizi.

Nikapata orodha ile ile ya kila mwaka. Uongo mdogo mdogo, hasira, kukosa Misa. Ila ipo moja ambayo kila nikiifikia nairuka.

Mwaka jana niliandika kwamba mwalimu mkuu mmoja amekula michango ya wazazi. Aliyenipa habari alinipa na bahasha ya "nauli". Mwalimu mwenyewe sikumpigia hata simu. Baadaye ikajulikana fedha zote zipo benki na risiti zipo. Gazeti likanyamaza, nami nikanyamaza.

Safari hii sikuiruka. Siri ya maungamo inamfunga padre, hainifungi mimi, kwa hiyo naweza kuwaambia alichoniuliza: "Na yule mwalimu je?" Nikajibu kwamba nimejuta. Akasema Mungu anasamehe, lakini jina la yule mtu bado chafu.

Jamani, wengi wetu tunaungama kama tunaopeleka nguo kwa dobi. Tangu Mtaguso wa Laterano wa mwaka 1215 Kanisa linatudai tuungame walau mara moja kwa mwaka, nasi tukaishikilia hiyo mara moja tu. Katekisimu ya mwaka 1992, namba 1459, inasema wazi: aliyeiba arudishe, aliyemchafulia mwenzake jina alisafishe, kadiri inavyowezekana. Kuondolewa dhambi hakufuti deni hilo.

Wapo rafiki zangu wanaouliza kwa nini umwambie binadamu mwenzako wakati Mungu yupo. Sibishani nao. Ninachojua ni kwamba nikisali peke yangu chumbani, maswali najiuliza mwenyewe na majibu najipa mwenyewe. Swali la padre nisingejiuliza.

Jumatatu nikamfuata mhariri kuomba tusahihishe. Akanicheka, akasema gazeti la mwaka jana limeshafungia maandazi. Bado namsumbua.

Jioni nikampigia mwalimu. Nikajitambulisha, nikaomba radhi. Alinyamaza mpaka nikadhani simu imekatika. Kisha akasema: "Mimi nimekusikia. Lakini wanafunzi wangu walilisoma lile gazeti. Njoo uwaambie wao."

Naenda Alhamisi, asubuhi, wakiwa mstarini. Naogopa kuliko nilivyoogopa kwenye kile kiti cha maungamo.

Nawe unayejiandaa kwenda kuungama kabla ya Pasaka, kuna jina gani ambalo kila ukilifikia unaliruka?