Maji na Umeme Havikai Chumba Kimoja

Ndugu msomaji, masika yanapoanza barua zinazoletwa katika ukurasa huu hubadilika. Wakati wa kiangazi watu huuliza habari za mende wa jikoni na vyoo vilivyoziba. Mvua ikinyesha juma zima, huuliza habari za umeme. Barua mojawapo imetoka kwa mama wa Temeke anayeishi na familia yake katika nyumba ya vyumba sita: wapangaji sita, mita moja ya LUKU. Anaeleza kwamba tangu mvua zianze uniti zinakwisha kabla ya wakati, na wenzake wamemtupia yeye lawama kwa sababu ndiye mwenye friji na huuza barafu. Shauri limekwisha fika kwa mjumbe. Mwishoni mwa barua, kama mtu anayetaja jambo dogo, anaongeza kwamba mtoto wake wa miaka minne hataki tena kuoga uani, kwa kuwa anadai bomba linamuuma.

Wazazi na wasome tena sentensi hiyo ya mwisho. Mtoto huyo hakuwa anadeka. Alikuwa ametambua kabla ya watu wazima wote wa nyumba ile kwamba umeme umetoka katika njia yake, na ugomvi wa uniti na maumivu ya mtoto vilikuwa jambo moja.

Tulimwomba fundi mwenye leseni ya EWURA afuatane nasi hadi kwenye nyumba hiyo. Hakuanza kwa kufungua soketi wala kupanda darini. Aliwataka wapangaji wote wasilikaribie bomba, wazime taa zote na wachomoe kila kitu, hata friji iliyoshitakiwa. Kisha akasimama mbele ya mita akaitazama kimya. Katika nyumba isiyotumia umeme wowote, taa ndogo nyekundu ya mita iliendelea kumweka, mara moja kila baada ya sekunde saba hivi. Alipozima swichi kuu, ikaacha.

Mita ile imeandikwa kwamba mimweko 1000 ni uniti moja. Mmweko mmoja kila sekunde saba ni mimweko 500 na kitu kwa saa, yaani zaidi ya nusu uniti. Kwa siku moja yenye saa 24 hizo ni uniti 12, zikiliwa na ukuta! Friji ya kawaida ya nyumbani, ikiwa na mlango unaofunga vizuri, mara nyingi hutumia uniti moja au mbili kwa siku. Mpangaji mmoja aliyekuwa amesema maneno makali kuliko wote aliondoka polepole akaingia chumbani kwake.

Baada ya hapo fundi alishusha breka zote, akawasha swichi kuu, akapandisha breka moja moja huku akiitazama mita. Breka ya taa za uani ilipopandishwa, mimweko ikaanza tena. Akazima kila kitu, akapanda juu ya bafu. Misumari ya bati ilikuwa haina mipira, na maji yalikuwa yakipita katika matundu yake, yakifuata waya mpaka kwenye maungio yaliyoviringishiwa utepe mweusi tu. Hapo nyaya ziligusa paipu la chuma lililolowa, nalo paipu hilo limekaa ndani ya ukuta mmoja na bomba la maji.

Swali ambalo kila mtu huuliza ni hili: kama umeme ulikuwa unavuja kiasi hicho, kwa nini breka haikujizima? Jibu lake wananchi wengi hawalijui, na kutolijua kumewaponza watu. Breka ya kawaida, kama fyuzi, kazi yake kubwa ni kuulinda waya usiungue. Breka ya taa huwa aghalabu ya ampea 6 au 10, na haitajizima mpaka kiasi hicho kipitwe. Umeme wa nyumbani kwetu ni wa volti 230. Ukivuja kupitia ukuta mbichi na udongo unaouzuia kwa kiasi cha omu 100, utapita kwa ampea 2.3 tu. Kwa breka, hizo ni kama balbu kadhaa zimewashwa, nayo haioni sababu ya kujizima. Kwa binadamu, hata sehemu ndogo sana ya hizo ni mauti. Miliampia 10 hivi zinatosha kuufanya mkono ushindwe kuachia ulichokishika, na zikipita 30 moyo waweza kupoteza mapigo yake. Ampea moja ni miliampia 1000. Mtoto aliyelowa, miguu mitupu juu ya saruji yenye maji, hana kinga yoyote.

Kifaa kinachoona uvujaji kipo, nacho madukani huulizwa kwa jina la RCD. Hulinganisha umeme unaokwenda kwa waya wa moto na ule unaorudi kwa nyutro. Ukipungua njiani hutambua kwamba uliobaki umepita pengine, na kile cha miliampia 30 hukata umeme wote katika muda usiofika theluthi moja ya sekunde. Kina kitufe cha kujaribia chenye herufi T. Kibonyezwe kila baada ya miezi michache, na kisipojizima, fundi aitwe. Inasikitisha kwamba wako mafundi ambao, kifaa hiki kikijizima mara kwa mara wakati wa mvua, hukiruka kwa waya na kumwambia mwenye nyumba kwamba kilikuwa kibovu. Huko ni sawa na kumwua mbwa kwa sababu amebweka usiku.

Sasa, ndugu msomaji, yakikukuta wewe ufanye nini? Dalili hazijifichi: doa la kahawia darini karibu na taa, swichi inayonguruma, harufu ya plastiki iliyoungua, ukuta unaotekenya vidole, uniti zinazokwisha bila sababu, au umeme unaokatika kila mvua inyeshapo. Ukiona mojawapo, zima swichi kuu ukiwa na mikono mikavu, umevaa viatu vikavu na umesimama mahali pakavu. Ikiwa swichi kuu yenyewe imelowa au imezungukwa na maji, usiiguse kabisa. Ondoa watu na uwaite TANESCO wakate umeme kutoka nje.

Usidhani kwamba kuzima taa kwa swichi ya ukutani kunatosha. Katika nyumba nyingi waya wa moto hupitia kwenye kishikio cha taa darini kabla ya kushuka kwenye swichi, hivyo taa ikizimwa umeme bado umo pale pale juu, ambapo maji yanadondokea. Usipande kuufuta unyevu kwa kitambaa, wala usijaribu bomba kwa mkono ili kuhakikisha kama mtoto anasema kweli. Hata bisibisi yenye taa ndogo, ile testa inayopatikana kila duka, isikupe imani: kutowaka kwake si ushahidi kwamba pako salama.

Umeme ukishazimwa, chomoa vyombo vyote, na breka ya upande wenye maji ishushwe na ibaki chini. Bandika karatasi juu yake iandikwe ISIWASHWE, maana katika nyumba ya wapangaji wengi hakosi mtu atakayerudi usiku na kuipandisha. Upande uliobaki mkavu waweza kutumika, mradi ukuta na bomba havigusi tena watu na mita imetulia. Lakini kama RCD inakataa kusimama hata breka ile ikiwa chini, acha. Breka nyingi hukata waya wa moto peke yake, na huenda ni nyutro iliyolowa. Hapo mwananchi wa kawaida hana la kufanya ila kumsubiri fundi gizani, na giza la usiku mmoja linavumilika.

Kazi ya kwanza ni kuyazuia maji, ndipo nyaya zifuate. Watu wengi hufanya kinyume, wakabadilisha taa mara tatu chini ya bati lile lile linalovuja. Jueni pia kwamba maji hutembea: yanaweza kuingia kwenye kona ya paa, yakafuata mbao au paipu la nyaya, yakatokea katika soketi ya chumba cha pili. Katika nyumba za ghorofa chanzo chaweza kuwa choo cha jirani wa juu, au tangi linalofurika kila maji yanapotoka usiku. Tazama vilevile waya unaoingia kutoka nguzoni. Kabla ya kufika kwenye tundu la ukuta unapaswa kushuka kidogo chini ya tundu hilo ndipo upande, ili maji yadondoke pale unapopinda. Ukinyooka moja kwa moja kutoka juu, mvua yote itaufuata mpaka ndani ya mita. Ukiona hivyo usiukunje mwenyewe; waarifu TANESCO.

Paa likishazibwa, fundi apime nyaya kwa mega kabla umeme haujarudishwa. Chombo hicho husukuma volti 500 katika waya uliotengwa, na mpira wake ukiwa mzima usomaji haupaswi kuwa chini ya omu milioni 1. Fundi anayesema "pamekauka, washa tu" bila kupima, huyo anabahatisha kwa roho za wanao. Na utepe mweusi hauzuii maji. Maungio yakae ndani ya kisanduku chake, mahali pakavu.

Wapangaji mtaniuliza gharama ni ya nani. Paa, kuta na nyaya zilizomo ukutani ni mali ya mwenye nyumba, na haki inataka azitengeneze yeye. Mpelekeeni habari kwa maandishi, wapangaji wote mkiweka sahihi, na mtaje tarehe mliyoona uvujaji. Yule mama wa barafu alikuwa amelalamika peke yake kwa mdomo mara mbili bila mafanikio. Barua yenye sahihi sita ilileta mabati mapya katika juma moja.

Kwa wale wanaokaa mabondeni, ambako mafuriko kama yale ya Desemba 2011 jijini Dar es Salaam yaliingia hadi madirishani, neno la ziada. Maji yakishatoka, msiwashe chochote kwa kuwa tu sakafu imekauka. Waya mzima uliolowa kwa maji waweza kupona baada ya kupimwa, bali soketi, swichi na breka zilizozama katika maji ya tope hazifai kukaushwa juani na kurudishwa. Tope na chumvi hubaki ndani yake na kuendelea kula shaba kwa miezi, mpaka siku moja soketi inashika moto watu wakiwa wamelala. Zitupwe, zinunuliwe nyingine, na hizo mpya zipandishwe ukutani juu ya alama iliyoachwa na maji.