Mashine ya kukanda misuli: mbeba mizigo wa Kitshanga ainunue?

Matangazo ya mashine ya kukanda misuli, ile yenye umbo la bastola, yanafika kwenye simu zetu hata huku Masisi. Yanaonyesha wachezaji wa mpira wakiipitisha mapajani na kutabasamu. Lakini Kitshanga, wanaoumwa misuli zaidi si wachezaji. Ni vijana wanaosukuma chukudu zilizojaa viazi na makala, na mama wanaobeba maharagi mgongoni, kamba ikiwakaza kwenye paji la uso. Je, watoe dola zao? Kwa maoni yangu, wengi wao wangoje.

Mashine hii hugonga msuli haraka haraka. Inaweza kulegeza msuli uliokaza na kupunguza maumivu kwa muda. Lakini maumivu ya kawaida baada ya kazi nzito huzidi siku ya pili au ya tatu, kisha hupungua yenyewe. Kwa hiyo muuzaji anayekuambia uitumie siku chache utaona anakuuzia kitu ambacho mwili wako ungekupa bure.

Ukiamua kununua, usidanganywe na wingi wa kasi, 20 au 30, tatu zinatosha. Uliza kichwa kinaingia na kutoka umbali gani: milimita 10 au 12 hugonga kwa kina zaidi kuliko 5 au 6. Ikandamize kwenye paja mbele ya muuzaji. Ikisimama, mrudishie. Na kwa kuwa wengi tunachaji kwa sola, chukua inayotumia waya wa kawaida wa simu. Chaja ya pekee ikiharibika utaitafuta mpaka Goma. Halafu, kwa barabara zetu zenye vizuizi, isafirishe ndani ya kasha lake. Kitu chenye umbo la bastola mfukoni si cha kueleza mbele ya askari.

Kuna jambo ambalo matangazo hayasemi. Mwaka 2021 jarida la Physical Therapy lilieleza habari ya mwanamke kijana wa China aliyekandwa mapaja kwa mashine hiyo baada ya kuendesha baiskeli. Misuli iliharibika, mkojo ukawa na rangi ya chai, akalazwa hospitalini. Kwa hiyo usiiweke kwenye koo, uti wa mgongo, kidonda, mguu uliovimba wala tumbo la mama mjamzito. Mgongo ukiuma huku mguu ukifa ganzi, nenda kituo cha afya.

Kijana wa chukudu, mimi ningetumia pesa hiyo kwanza kwa raba mpya ya gurudumu na breki inayoshika. Hivyo vinapunguza kazi ya mgongo kila siku kabla maumivu hayajaanza. Kwa mama, dawa ni kupunguza mzigo. Lakini anayelipwa kwa gunia akiligawa mara mbili, safari ya pili hakuna anayeilipa. Hilo waulizwe wafanyabiashara wenye magunia.