Umbea si intelijensia

"Amakuru ku gihe." Taarifa kwa wakati. Mkazi wa Gashonga, mmoja wa mirenge (kata) 18 ya wilaya ya Rusizi nchini Rwanda, amelisikia ombi hilo la polisi hadi anaweza kulimalizia mwenyewe: ukiona mgeni usiyemfahamu, ukiona robota la mitumba linashushwa usiku, ukinusa kanyanga, ile pombe haramu, inapikwa, piga 112 au mwambie kiongozi wa umudugudu, yaani kijiji. Wajibu wa mwananchi umeelezwa vya kutosha. Leo tunauliza upande wa pili: askari anayeipokea taarifa hiyo amefundishwa kuifanyia nini?

Tunauliza kwa sababu kozi za ukusanyaji wa taarifa za uhalifu na usalama hufungwa kwa hotuba, vyeti na picha ya pamoja. Cheti kinathibitisha kwamba askari alikuwa darasani. Hakithibitishi kwamba anajua kutofautisha taarifa na fitina.

Na Rusizi si mahali pa kubahatisha. Ng'ambo ya mto Rusizi ni Bukavu, mji wa Kongo uliotwaliwa na waasi wa M23 Februari 2025. Kusini ni Burundi. Mashariki ni msitu wa Nyungwe, ambako Desemba 2018 mabasi yalishambuliwa kwenye barabara iendayo Rusizi. Tena, tangu ushuru wa mitumba upandishwe mwaka 2016 kutoka senti 20 za dola hadi dola 2.5 kwa kilo, kuvusha robota moja kwa magendo kumekuwa na faida ya kumshawishi kijana asiye na kazi. Mpaka wa namna hii huzaa taarifa kila siku, na ndani yake hujificha wivu wa biashara, ugomvi wa mashamba na visasi vya zamani.

Waswahili husema lisemwalo lipo, kama halipo laja. Barazani msemo huo hauna madhara. Kituoni ni hatari. Kachero aliyefundwa hupima mambo mawili mbalimbali: nani kasema, na kasema nini. Upo utaratibu unaojulikana katika majeshi na polisi wa nchi nyingi: herufi A hadi F kwa uaminifu wa msemaji, tarakimu 1 hadi 6 kwa uzito wa alichosema. Haviunganishwi, kwa kuwa mkweli huweza kukosea na mwongo huweza kusema kweli.

Tuchukue mfano. Mama mmoja anamnong'oneza kiongozi wa isibo, kundi la kaya ndani ya umudugudu, kwamba kwa jirani wamelala vijana watatu wasiojulikana. Amewaona kwa macho au kasimuliwa? Ilikuwa saa ngapi? Walizungumza Kinyarwanda, Kirundi au Kiswahili cha Bukavu? Je, ana kesi ya shamba na jirani huyo? Maswali manne, dakika tano, ukurasa mmoja. Yasipoulizwa, kinachopanda kutoka umudugudu hadi akagari, kutoka akagari hadi murenge, ni umbea uliogongwa muhuri. Na jina la mama yule likifika kilabuni kabla ya jua kuchomoza, kesho hakuna jirani atakayefungua mdomo.

Gharama ya uzembe huu inajulikana, na inalipwa kwa damu. Nchini Kenya, tahadhari kwamba vyuo vikuu vingeweza kushambuliwa zilikuwa zimeshatolewa kabla ya Aprili 2, 2015. Bado watu 148 waliuawa katika chuo kikuu cha Garissa, na kikosi maalumu kutoka Nairobi kilichukua saa nyingi kufika. Taarifa ilikuwepo, aliyepaswa kuitendea kazi hakuitendea.

Upo pia uovu wa upande wa pili: kutenda bila kuthibitisha. Julai 2017 shirika la Human Rights Watch lilidai kwamba vikosi vya usalama viliwaua watu wasiopungua 37 katika Mkoa huu wa Magharibi, wakishukiwa kwa makosa kama kuiba ndizi au ng'ombe, kuvusha magendo na kuvua kwa nyavu haramu. Serikali ilikanusha, na Tume ya Haki za Binadamu ya Rwanda ikasema baadhi ya waliotajwa wako hai. Ubishi kuhusu nani yu hai na nani amekufa haupaswi kuwepo kabisa katika nchi ambayo kila tuhuma ina karatasi, tarehe na jina la askari aliyeishughulikia.

Sheria haikosekani. Mwaka 2017 Rwanda ilipitisha sheria ya kuwalinda watoa taarifa. Mwaka huohuo ilianzisha RIB, Ofisi ya Upelelezi ya Rwanda, iliyokabidhiwa upelelezi wa jinai uliokuwa mikononi mwa polisi. Maana yake ni kwamba polisi wa Gashonga hukusanya ili kuzuia, na penye kosa hukabidhi. Hana mamlaka ya kuhukumu kwa sababu ya kilichonong'onwa.

Msimamo wetu ni huu. Mafunzo yaendelee, lakini yashuke kutoka vyuo vya polisi vya Musanze na Gishari hadi kwa viongozi wa umudugudu na isibo, kwa kuwa hao ndio wanaopokea neno la kwanza. Kila taarifa iandikwe katika daftari, ipimwe na ionyeshe hatua iliyochukuliwa. Jina la msemaji litunzwe mbali na maneno yake, na afisa anayelivujisha ashtakiwe. Mkaguzi asiye chini ya kamanda yeyote wa polisi apewe haki ya kufungua daftari hilo wakati wowote.

Uongozi wa polisi usitoe cheti kingine cha intelijensia kabla ya kuonyesha kwamba daftari hilo lipo, na kwamba linasomwa.