Programu ya Kuanzishia Kompyuta: Hofu Iwekwe Mahali Pake

Katika maabara na karakana zinazotumia kompyuta ndogo za bodi moja, iko kazi ambayo mafundi huiogopa kuliko inavyostahili, na iko hatari ambayo hawaiogopi kadiri inavyostahili. Kazi yenyewe ni kubadilisha programu ya kuanzishia, ambayo mafundi huiita butiloda, iliyomo katika kadi ya kumbukumbu. Huaminiwa kwamba anayeigusa programu hiyo aweza kuiua bodi. Kwa sababu ya imani hiyo mitambo huachwa na programu kuukuu, zenye kasoro zilizokwisha kurekebishwa, na wanafunzi humaliza masomo yao bila kujua jinsi kompyuta inavyoamka. Hapana budi imani hiyo ichunguzwe.

Jinsi kompyuta inavyoamka

Umeme unapoingia, prosesa haijui lolote juu ya faili wala mfumo wa uendeshaji. Huanza kwa kutekeleza maagizo machache iliyotiwa kiwandani, katika kumbukumbu isiyofutika iitwayo ROM. Maagizo hayo hutafuta programu ndogo mahali palipokwisha kuamuliwa, huipakia na kuikabidhi usukani. Programu ndogo huiandaa kumbukumbu kuu, kisha huita programu kubwa zaidi, ambayo ndiyo inayoupakia mfumo wa uendeshaji. Mojawapo ya programu za namna hiyo zinazotumika sana ni U-Boot, programu huria iliyoanzishwa na Wolfgang Denk wa Ujerumani.

Uchukuliwe mfano wa bodi ya Orange Pi PC, iliyoanza kuuzwa mwaka 2015, yenye prosesa ya Allwinner H3. ROM ya prosesa hiyo huitazama kadi kwanza, kilobaiti 8 kutoka mwanzo wake, yaani sekta ya 16 kwa hesabu inayoanzia sifuri na sekta za baiti 512. Hapo hutafuta alama maalumu na kuihakiki hesabu ya programu iliyofuata alama hiyo. Programu ndogo imetengewa kilobaiti 32, na sehemu kubwa ya U-Boot huanzia kilobaiti 40. Eneo hili lote liko nje ya vigawanyo vya kadi, wala halionekani katika orodha ya faili. Aghalabu kigawanyo cha kwanza huanzia megabaiti 1.

Kutokana na maelezo haya jambo moja ni dhahiri: lolote liandikwalo katika kadi haliwezi kuifuta ROM. Umeme ukikatika katikati ya kuandika, kilichoharibika ni kadi, si bodi. Kadi huchomolewa ikaandikwa upya, au huwekwa nyingine. Hata isipokuwapo kadi yoyote, ROM hiyo huingia katika hali iitwayo FEL, ambamo kompyuta nyingine yaweza kuipelekea bodi programu kwa waya wa USB. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi.

Hatari yenyewe iko wapi?

Hatari kubwa iko katika kompyuta inayotumiwa kuiandikia kadi. Amri ya dd, iliyomo katika mifumo ya jamii ya Unix tangu miaka ya 1970, huandika mahali ilipoagizwa bila kuuliza. Herufi moja ikikosewa katika jina la diski, kinachofutika si kadi ya shilingi elfu chache bali huenda ni takwimu za utafiti wa miaka mitatu. Bodi ambayo kila mtu aliihofia itabaki salama mezani.

Hatari ya pili ni kuandika mahali pasipo pake ndani ya kadi yenyewe. Katika mpango wa zamani wa kugawanya diski, jedwali la vigawanyo limo ndani ya sekta ya kwanza kabisa, kuanzia baiti ya 446. Anayesahau kuruka kilobaiti 8 hulifuta jedwali hilo. Katika mpango mpya, uitwao GPT, jedwali kwa kawaida hufika hadi sekta ya 33. Hivyo programu inayoandikwa katika sekta ya 16 huangukia juu yake. Kwa sababu hiyo prosesa za kuanzia H3 hutafuta programu katika kilobaiti 128 pia. Tena, faili jipya likiwa kubwa kuliko nafasi iliyopo, mkia wake huingia katika kigawanyo cha kwanza na kuviharibu vilivyomo.

Hatari ya tatu ni kuazima maelekezo ya bodi nyingine. Katika bodi nyingi zenye prosesa za Rockchip programu huanzia sekta ya 64. Katika Raspberry Pi za mwanzo ni faili la kawaida katika kigawanyo cha kadi. Lakini tangu Raspberry Pi 4 ya mwaka 2019, programu hiyo imehamishiwa katika chembe iliyomo juu ya bodi yenyewe. Maelekezo yaliyo sahihi kwa bodi moja ni upotovu kwa jirani yake.

Utaratibu unaofaa

Kwanza, aina ya bodi na ya prosesa ithibitishwe kwa kusoma maandishi yaliyo juu yake. Pili, kadi ichomolewe baada ya kompyuta kuzimwa kwa utaratibu, na nakala ya kadi nzima itunzwe. Tatu, orodha ya diski itazamwe kabla ya kuichomeka kadi na baada ya kuichomeka. Diski iliyoongezeka, yenye ukubwa ulingane na wa kadi, ndiyo yenyewe. Nne, ukubwa wa faili jipya ulinganishwe na nafasi iliyopo kabla ya kigawanyo cha kwanza. Tano, maandishi yafanywe katika kadi ya pili iliyonakiliwa, na kadi ya zamani isiguswe. Sita, kilichoandikwa kisomwe tena na kulinganishwa na faili la asili, baiti kwa baiti. Mwisho, kadi mpya ijaribiwe mezani kabla ya kupelekwa kwenye mtambo ulio mbali. Kwani programu yaweza kuamka yenyewe lakini ikashindwa kuupata mfumo wa uendeshaji.

Wako wasemao kwamba kisichoharibika kisitengenezwe. Rai hiyo ina busara yake: hakuna sababu ya kubadilisha programu kwa kupenda upya tu. Lakini kasoro ya usalama, au mfumo mpya usiokubali kupakiwa na programu ya zamani, ni sababu ya kutosha. Wengine husema kwamba mlango ulio wazi kwa fundi u wazi kwa mwizi pia. Nao wasema kweli: mtambo wa kupokea fedha hauna budi kukataa programu isiyo na sahihi ya mwenyewe. Lakini hoja hiyo haiwezi kutumika kufunga kila kompyuta ya shule na ya kituo cha hali ya hewa.

Yafaa basi vyuo na mafundi wanaonunua vifaa hivi wapendelee bodi ambazo ROM zake huitazama kadi kwanza, na ambazo maelezo ya kuamka kwake yametangazwa wazi. Yafaa kila bodi inunuliwe na kadi mbili, na toleo la programu liandikwe katika daftari. Na yafaa kila mwanafunzi wa uhandisi wa kompyuta aibadilishe butiloda kwa mkono wake angalau mara moja, tena aiharibu kwa makusudi na kuirejesha. Atakayefanya hivyo chuoni, kwa kadi ya akiba, ndiye atakayetegemewa mtambo utakaponyamaza mahali pasipo na fundi mwingine.