Tuchekeche udongo wa Amboni

Nafundisha baiolojia hapa Tanga. Ninapowapeleka wanafunzi Mapango ya Amboni, wageni husifu miamba na popo. Udongo wanaoukanyaga hawaujali. Hapo tunakosea.

Bundi humeza panya mzima, kisha hutapika manyoya na mifupa. Ndivyo meno ya panya yanavyojilimbikiza katika udongo wa mapangoni kizazi baada ya kizazi. Mifupa huoza, lakini enameli ya jino ni ngumu, hudumu. Gego la panya ni dogo kuliko punje ya mchele, ila chini ya hadubini linaonyesha vinundu na mikunjo, na mpangilio wake humtambulisha mwenyewe.

Kwa meno kama hayo, mwaka 2009 watafiti walimtangaza Kahawamus mbeyaensis, jamaa wa kale wa ndezi aliyeishi Bonde la Rukwa takriban miaka milioni 25 iliyopita.

Kwa hiyo natoa rai: pangoni pasichimbwe njia wala kusimikwa nguzo ya taa kabla udongo haujachekechwa, tabaka kwa tabaka, kwa chekecheo la matundu madogo. Na vijana wa Tanga wafundishwe kazi hiyo. Mali bila daftari hupotea bila habari.