Tovuti ya shule haihitaji seva nzito

Ipo tabia iliyoenea katika shule zetu, nayo ni kudhani kwamba tovuti haiwi tovuti mpaka iwe nzito. Shule hutaka kuonyesha historia yake, ratiba ya muhula na madokezo ya masomo, yaani maandishi na picha ambazo ni zile zile kwa kila msomaji. Lakini fundi anayeitwa huja na hifadhidata na rundo la nywila, na kila mgeni apigaye hodi huundiwa upya ukurasa ule ule aliopewa mwenziwe. Shule moja niijuayo ililipia huduma ya namna hiyo miaka mitatu. Fundi alipoacha kupokea simu, hapakuwa na mwalimu hata mmoja aliyejua nywila, na insha za wanafunzi zilizokuwamo zikapotea.

Mimi nashikilia kwamba shule kama hiyo yahitaji tovuti tuli: kabrasha la faili za HTML na picha, pamoja na programu ndogo ya kumkabidhi msomaji faili aliyoiomba. Basi. Ndivyo zilivyokuwa kurasa za kwanza za wavuti, alizoziweka Tim Berners-Lee katika kituo cha CERN, Uswisi, mwanzoni mwa miaka ya 1990.

Pa kuiweka programu hiyo ni katika kontena. Wakazi wa Mombasa hawahitaji kufafanuliwa neno hilo: sanduku la kipimo kimoja lipakiwalo melini au lorini pasipo mtu kugusa kilichomo. Docker, iliyotokea mwaka wa 2013, ndiyo iliyolieneza wazo hilo katika ulimwengu wa tarakilishi. Programu hufungwa pamoja na faili zake, ikahamishwa jinsi ilivyo. Kontena halibebi mfumo endeshi mzima, bali hutumia kiini cha Linux kilichomo tayari katika mashine.

Hata hivyo, kontena nalo laweza kunenepeshwa. Taswira ya kawaida ya nginx, seva maarufu ya Igor Sysoev iliyotolewa mwaka wa 2004, hupita megabaiti 100. Kwa kurasa ishirini za shule, huko ni kukodi lori kubeba kikapu cha mayai. BusyBox yatosha. Bruce Perens aliianza mwaka wa 1995 ili vifaa vya lazima vya Linux vienee katika disketi moja, na leo ndani yake mna seva ndogo iitwayo httpd. Taswira yake haifiki megabaiti 5. Maagizo ya kuijenga ni mistari mitatu: wa kwanza waitaja BusyBox, wa pili wanakili kabrasha la kurasa, wa tatu waamuru httpd ianze na ibaki mbele. Ikiachwa ijifiche nyuma, Docker huona kazi imekwisha na kulifunga kontena. Hapo ndipo wanafunzi wengi hukwama.

Aidha, amri ya docker save huigeuza taswira kuwa faili moja, ikatiwa katika flashi na kufunguliwa shule jirani kwa docker load. Tarakilishi moja ya maabara yaweza kuzihudumia nyingine zilizounganishwa nayo bila kununua bando.

Atauliza mtu: mbona tusiiendeshe httpd bila kontena? Swali la haki. Mwenye mashine moja asiyekusudia kuihama hana haja nalo, na Docker yenyewe huchukua nafasi kubwa kupita kurasa hizo. Ila mashine za shule hufa, na walimu huhamishwa.

Bodi za shule, kabla ya kutia sahihi mkataba mwingine, na zimwulize fundi ni ukurasa upi hasa unaobadilika kwa kila msomaji. Kukusanya karo na kutunza alama ni kazi ya hifadhidata, wala sibishi. Tena httpd ya BusyBox haina HTTPS, hivyo atakayeiweka hadharani atangulize seva nyingine mbele yake. Na taswira iliyojengwa kwa prosesa za Intel haitakwenda katika Raspberry Pi mpaka ijengewe prosesa za ARM, jambo ambalo mwalimu na alijaribu mapema, si asubuhi ya maonyesho.